UPEPO NA MOTOKAA IENDAYO MBIO

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na jamaa zao huko Tongaren. Yamepigwa chapa kwa ombi la waliokuwapo, na kwa ajili ya wenzetu waliokosa kufika kwa sababu ya zamu.)

Bwana Mwenyekiti, ndugu wanachama, akina mama, na wazee wetu mliotoka Ndalu na Naitiri kuja kutusikiliza:

Hatukuja hapa kuwafundisha udereva. Wengi wetu tulioketi upande huu wa meza hatuna hata leseni ya kuendesha motokaa, na elimu yetu ni ile ya shule ya msingi ya misheni, ikaishia hapo. Lakini kazi ya reli ina namna yake ya kumfunza mtu. Ukisimama kando ya njia miaka kumi na zaidi, na magari yanakupita, huna budi kujua kwamba kitu kikubwa kikienda hakiendi peke yake. Huenda na hewa yake. Habari hiyo ndiyo tutakayoisema leo, na tutaisema kwa sababu mwisho wa mwezi halmashauri yetu yataka kukodi magari mawili kutupeleka Eldoret mkutanoni, na wengine wamekwisha kuuliza kama wataweza kufunga magunia na magodoro juu. Swali hilo lina historia kati yetu, nanyi mwaijua.

Ilikuwa mwaka jana, tulipokwenda kumzika mwenzetu. Tulikodi motokaa moja, ile ya namna ya nyumba fupi yenye mlango mkubwa nyuma, tukaweka vyombo ndani, na godoro la inchi sita tukalilaza juu ya keria. Tulilifunga kwa kamba mbili, moja katikati na moja nyuma. Mbele hatukufunga. Tulidhani uzito wake watosha, na motokaa ikienda mbele upepo utalibana lisirudi nyuma. Basi tulipotoka Kamukuywa na kushika lami nzuri, dereva akaongeza mwendo, na ncha ya mbele ya godoro ikaanza kupigapiga. Halafu ikainuka yote. Kamba zilikatika kama uzi wa kushonea. Godoro liliruka nyuma yetu likamwangukia kijana wa bodaboda, naye akavunjika mkono. Hakufa, twamshukuru Mungu. Matibabu yake tulichanga sisi, na si kwa ukarimu, maana kosa lilikuwa letu. Dereva hakulifunga godoro lile. Tulilifunga sisi wenyewe, watu wa reli, tunaojisifu kwamba twajua kufunga mzigo.

Tangu siku hiyo tumeuliza sana, tumesoma kidogo, na tumewasumbua madereva na fundi mmoja wa Kitale mpaka akachoka nasi. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Jambo la kwanza ni kwamba hewa ina uzito. Hatuuoni, kwa hiyo twausahau. Kama ungetengeneza sanduku lenye urefu wa mita moja, upana mita moja na kimo mita moja, ukalijaza hewa ya huku kwetu Kitale, hewa hiyo ingekuwa na uzito wa karibu kilo 1. Kule Mombasa, chini baharini, hewa ni nzito zaidi, yafika kama kilo 1.2, maana sisi tuko juu ya mlima na hewa yetu ni nyepesi. Sasa piga hesabu. Motokaa ndogo ina uso wa mbele kama mita 2 za mraba. Ikienda kilomita 100 kwa saa, kila sekunde moja hupita karibu mita 28. Maana yake kila sekunde yakuta masanduku 55 ya hewa njiani mwake, na yote hayana budi kusogea. Hizo ni kilo 55. Gunia letu la mahindi ni kilo 90. Basi motokaa hiyo yasukuma zaidi ya nusu gunia kila unapohesabu moja, mbili, tatu, mpaka ifike inakokwenda. Mzee mmoja tuliyemweleza hesabu hii alisema sasa ameelewa kwa nini petroli haikai.

Jambo la pili ndilo linalowapotosha watu wengi. Mtu hufikiri kwamba ukiongeza mwendo mara mbili, na nguvu ya upepo yaongezeka mara mbili. Si hivyo. Yaongezeka mara nne. Ile motokaa ndogo, ikienda kilomita 50 kwa saa katika hewa yetu, upepo huisukuma nyuma kwa nguvu kama ya kilo 7, mzigo ambao mtoto wa shule aweza kuubeba. Ikienda kilomita 100, ni kama kilo 27 au 28. Na injini hufanya kazi ya ziada kuliko hiyo, kwa maana yashindana na nguvu mara nne huku ikienda upesi mara mbili, ndiyo kusema kazi ya kupasua hewa ni mara nane kwa kila dakika. Umbo la motokaa laweza kupunguza hesabu hii au kuizidisha. Motokaa laini isiyo na pembe hupasua hewa kwa upole, bali yenye keria iliyorundikwa ndoo, viti na kitanda hupigana nayo njia nzima. Hata keria tupu hula mafuta. Anayeweza kuivua, na aivue.

Sisi watu wa reli tuna jambo la kujivunia hapa, na tuliseme upesi tusije tukaonekana twapiga domo. Gari la moshi lenye mabehewa ishirini halilipi upepo mara ishirini. Injini hupasua hewa, na mabehewa hufuatana katika njia iliyokwisha kupasuliwa, kama watoto wanaomfuata baba yao katika majani marefu. Tena gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huviringika kwa urahisi kuliko mpira juu ya lami. Wakati reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mahindi ya nchi hii yalianza kwenda pwani kwa njia hiyo. Siku hizi gari la abiria halifiki Kitale, nasi wenyewe, wafanyakazi wa reli, twarudi nyumbani kwa matatu. Hayo ni mambo ya mkutano mwingine.

Lakini vijana wa bodaboda wameijua siri hiyo ya mabehewa bila kufundishwa. Wanalifuata lori la mahindi kwa karibu sana, mita tatu au nne, na pikipiki yaenda kama imevutwa, kwa maana nyuma ya lori hakuna upepo wa kupigana nao. Ni kweli petroli hubaki. Lakini aliye hapo haoni njia ya mbele, haoni shimo, haoni ng'ombe, na breki ya lori ikishikwa hana nafasi wala nusu sekunde. Behewa limefungwa kwa mnyororo na injini yake, vikisimama vyasimama pamoja. Pikipiki haikufungwa na kitu.

Sasa tuje kwenye habari ya lori linalokupita. Wengi mmeuliza kwa nini motokaa ndogo huyumba linapopita lori kubwa, na kwa nini huyumba mara mbili, kwanza upande huu, kisha upande ule. Jibu lake ni hili. Lori lina uso mpana kama ukuta. Hewa iliyo mbele yake hukosa pa kwenda, husongamana, na kusukumwa pembeni. Lori likikufikia, kwanza wapigwa na hewa hiyo iliyosongamana, nayo yakusukuma kando, kuelekea mtaroni. Dereva asiyejua hugeuza usukani kwa nguvu kurudi barabarani. Wakati huohuo ubavu wa lori umefika. Ubavuni hewa hupita kwa mbio katika nafasi nyembamba iliyo kati yenu, na hewa ipitayo kwa mbio hupungua nguvu ya kusukuma, kwa hiyo hewa ya upande wako mwingine yakutia ndani, kuelekea kwenye magurudumu ya lori. Basi mkono wa dereva na hewa vyote viwili vyamvuta upande mmoja. Hapo ndipo watu wengi wamepotea. Mwenye baiskeli na mwenye pikipiki wamo katika hatari zaidi, kwa sababu hawana uzito wa kuwashikilia.

Jambo hili wanyapara wetu walitufundisha zamani bila kutaja sababu. Gari likija, genge hutoka njiani, hukusanya vyombo vyote, na kusimama mbali, wala si kando ya mataruma. Tena hugeukia gari. Tulidhani ni heshima. Kumbe ni hewa, na mawe madogo yanayorushwa nayo. Kwenye reli yetu ya zamani, yenye upana wa mita moja, magari huenda polepole na upepo wake si mkubwa. Lakini wenzetu wa reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, wana gari la abiria lenye mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Kwa kanuni ile ya mara nne, upepo wa gari la kilomita 120 ni mara nne ya upepo wa gari la kilomita 60. Ndiyo maana abiria hawaruhusiwi kusimama ukingoni mwa pletfomu. Mama aliyebeba mtoto mgongoni, na leso imefungwa ovyo, aweza kuvutwa kabla hajaelewa.

Tuseme pia upepo wa ubavuni, yaani upepo wa Mungu mwenyewe, usiotokana na gari lolote. Huku kwetu, mvua ya alasiri ikikaribia kutoka mlima Elgon, upepo hutangulia. Katika njia ya Kitale kuja Webuye kuna mahali pengi ambapo barabara imefunikwa na mikaratusi pande zote mbili, halafu ghafla miti yakoma na upo uwandani. Tufanye upepo waenda kilomita 54 kwa saa, ambao ni mkali lakini si ajabu. Matatu ya abiria 14 ina ubavu wa karibu mita 9 za mraba. Ukipiga hesabu, nguvu inayoisukuma ubavuni ni kama kilo 100, yaani gunia zima la mahindi na zaidi limeegemezwa ubavuni mwa gari kwa ghafla, likiwa mwendoni. Ongeza mizigo juu ya keria, na umeongeza ubavu. Tena umeuongeza mahali pabaya, juu kabisa, pale upepo unapopata nguvu ya kupindua kama mtu anayesukuma mlango kwenye komeo wala si kwenye bawaba.

Motokaa nyingi zina ubaya mmoja mwingine, kwamba upepo wa ubavuni huzipiga zaidi upande wa mbele kuliko nyuma. Kwa hiyo pua yageuka kwenda pamoja na upepo. Dereva hurudisha usukani. Baada ya hapo afika penye miti tena, au lori lamkinga, upepo wakoma, na ule usukani alioushika bado umegeuka. Gari laruka upande wa pili. Mzee mmoja aliyekuwa na Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe yenye injini nyuma, alitueleza kwamba siku za upepo alikuwa akiiendesha kama anayechunga mbuzi. Uzito wake wote ulikuwa nyuma, pua nyepesi, na mgongo wa duara. Hata hivyo motokaa hiyohiyo ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1962, kwa hiyo tusiidharau.

Dawa ya upepo wa ubavuni, kama walivyotuambia madereva wote bila kutofautiana, ni kupunguza mwendo kabla miti haijaisha, mikono miwili juu ya usukani, na kurekebisha kidogokidogo. Anayeendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu hana la kusema mbele ya upepo.

Kuna watu wasemao kwamba gari zito halisukumwi. Ni kweli nusu. Lori lililojaa mahindi likienda ghalani Kitale hushika barabara vizuri. Lakini lori hilohilo likirudi tupu, na turubai halikukazwa, lina ubavu uleule na uzito haupo tena. Twajua jambo hili hata katika reli. Tarehe 28 Desemba 1879, huko Scotland, daraja la mto Tay lilianguka katika dhoruba gari la moshi likiwa juu yake, na watu wote waliokuwamo walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba daraja lilijengwa vibaya, na mjenzi hakuweka hesabu ya kutosha kwa ajili ya upepo. Na kama mtu atasema hayo ni ya kale, Japani mwaka 2005, tarehe 25 Desemba, upepo wa ghafla uliliangusha gari la abiria kutoka katika reli, na watu 5 wakafa. Reli ile ina upana wa milimita 1,067, karibu sawa na yetu ya zamani. Ikiwa upepo waweza kuondoa gari la chuma juu ya reli, mtu asitutanie juu ya matatu.

Mpaka hapa tumesema upepo unaosukuma. Upo unaoinua, nao ndio uliochukua godoro letu. Hewa ikikuta motokaa hugawanyika, nyingine hupita juu na nyingine chini. Ile ya juu hupanda kioo, huzunguka paa lenye mgongo, na kwa kuzunguka huko huenda mbio zaidi. Tumekwisha kusema hewa ipitayo mbio hupungua nguvu ya kusukuma. Basi juu ya paa kuna nguvu ndogo, chini yake kuna nguvu kubwa, na motokaa yainuliwa kidogo, kwa kanuni ileile inayoinua ndege. Haitaruka, lakini magurudumu yashika barabara kwa uzito uliopungua. Godoro nalo lilikuwa bapa, limelala paani mahali pabaya kabisa, na ncha ya mbele haikufungwa. Hewa iliingia chini yake. Tulikuwa tumetengeneza bawa.

Wazungu wenye viwanda vikubwa nao wamekosea katika jambo hili, kwa hiyo tusione haya peke yetu. Mwaka 1998 ilitoka motokaa ya Audi iitwayo TT, nzuri kwa macho, mgongo wa duara kama yai. Kwenye barabara kuu za Ujerumani, kwa mwendo mkubwa sana, nyuma yake ilikuwa nyepesi, na watu wakapata ajali, wengine wakafa. Mwishoni mwa mwaka 1999 kampuni ikaagiza zirudishwe, zikatiwa kibawa kidogo juu ya buti pamoja na marekebisho mengine. Na mwaka huohuo wa 1999, katika mashindano ya Le Mans huko Ufaransa, motokaa za Mercedes ziliruka hewani mara tatu katika juma moja, moja ikaangukia mitini nje ya njia. Pua iliinuka kidogo tu juu ya mwinuko wa barabara, hewa ikaingia chini, na basi. Madereva walipona, jambo ambalo bado latushangaza.

Kibawa cha nyuma kina kazi gani? Ni bawa la ndege lililogeuzwa juu chini. Badala ya kuinua hukandamiza. Motokaa za mashindano ya Safari, ambayo tangu 2021 yamerudi katika mashindano ya dunia huko Naivasha, zina vibawa vikubwa vya namna hiyo. Lakini kanuni ya mara nne hufanya kazi hapa pia kwa kinyume. Mwendo ukiwa mdogo, kibawa hakikandamizi kitu. Vijana wetu wa Kitale wanaofunga vibawa juu ya motokaa zao na kuzunguka mjini kwa kilomita 40 wanabeba rafu ya vitabu. Hatuwakatazi. Twasema tu kwamba hela hiyo ingenunua matairi.

Tena tutazame motokaa zetu za kazi, zinazobeba magunia manne nyuma na watu wengine juu ya magunia. Nyuma imekaa chini, pua imeinuka kama ng'ombe anayenusa mvua. Kosa kubwa hapo ni uzito wenyewe, wala tusiusingizie upepo: magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo ya kugeuzia, yamekuwa mepesi, na taa zamulika miti. Lakini ukiongeza mwendo, hewa nayo yaingia chini ya pua iliyoinuka na kuipunguzia uzito zaidi. Dereva atakuambia usukani ni laini leo. Ulaini huo ni dalili mbaya.

Sasa twafika kwenye neno ambalo hasa lilitufanya tukubali kusimama hapa, na twaomba akina mama wasikilize, maana lahusu watoto.

Mmeona jinsi motokaa ikienda katika njia ya murram, kioo cha nyuma hujaa vumbi, hali kioo cha mbele ni safi. Vumbi lilitoka chini, kwenye magurudumu. Kwa nini lipande na kurudi mbele, likakaa kwenye kioo cha gari linalolikimbia? Ni kwa sababu motokaa ikipita huacha shimo la hewa nyuma yake, na hewa ya pembeni hukimbilia kulijaza. Hewa hiyo yazunguka na kurudi mgongoni mwa gari, ikichukua chochote ilichokikuta. Ikikuta vumbi, yaleta vumbi. Na bomba la moshi liko wapi? Liko hapohapo nyuma.

Mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, moshi hubaki nje na vumbi hubaki kiooni. Lakini magunia yakizidi, makanga huuacha mlango wazi, akaufunga kwa kamba ukainama juu ya mzigo. Sasa lile shimo la hewa limeunganishwa na chumba cha abiria. Moshi wavutwa ndani. Ukifunga madirisha kwa sababu ya baridi au mvua, ni vibaya zaidi, kwa kuwa hakuna hewa itokayo mbele kuusukuma nje.

Katika moshi wa petroli mna hewa moja isiyo na rangi wala harufu, nayo ni kaboni monoksaidi. Ikiingia kifuani hushika damu mahali ambapo hewa njema ingeshika, na damu ikishikwa hivyo haiwezi kubeba kinachotupa uhai. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, hutapika, halafu hulala. Asipoamshwa na kutolewa nje aweza kufa. Mtoto mdogo huwahi kudhurika kuliko mtu mzima.

Sisi tuliliona jambo hili. Tulikuwa tukirudi kutoka Webuye usiku wa mvua, watu wazima sita na watoto wawili, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba juu ya magunia ya mbolea, na madirisha yote juu. Watoto walikuwa nyuma, juu ya magunia, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Wa kwanza alisema kichwa chauma. Tukamwambia alale. Baadaye akatapika, tukasema ni mandazi ya stendi. Wa pili hakusema neno, na tuliona ni vizuri amenyamaza. Ni mama mmoja aliyekuwa mbele, ambaye naye kichwa kilikuwa kikimgonga, aliyemwambia dereva asimame ili apunge hewa. Tulipowashusha watoto, yule mkimya hakuweza kusimama. Tulimkalisha katika mvua, kando ya barabara, tukamshika, tukiita jina lake. Ilichukua muda mrefu kabla hajatutazama. Zahanati tulifika saa tano usiku, na mganga, alipokwisha kumpa hewa na kumpima, hakuuliza alikula nini. Aliuliza mlango wa nyuma ulikuwa wazi au umefungwa.

Yule mtoto yu hapa, amekaa pale karibu na dirisha, na hapendi tuzitaje habari zake. Tusamehe, mwanangu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, haya ndiyo tunayoiomba halmashauri iyaandike katika daftari kabla ya safari ya Eldoret. Magari yatakayokodiwa yafungwe milango yote, na mzigo usioingia ubaki nyumbani. Hakuna atakayewekwa nyuma juu ya magunia, awe mtoto au mtu mzima. Ikitokea kwa dharura kabisa kwamba mlango wa nyuma hauwezi kufungwa, basi madirisha yote yafunguliwe, na anayesikia baridi avae koti. Juu ya keria hatutaki kitu. Kama halmashauri itatushinda kwa kura katika jambo hilo, basi mzigo uwe mfupi, ufungwe mbele kwanza, kisha pande, kisha nyuma, na turubai likazwe lisiwe na mahali pa kushikwa na upepo. Tusimame baada ya kilomita kumi kuangalia kamba, kwa maana kamba mpya hulegea.

Kuhusu mwendo, kanuni za mwaka 2004 ziliweka kilomita 80 kwa saa kwa matatu, pamoja na mikanda na kidhibiti mwendo. Sisi twajua, nanyi mwajua, jinsi kidhibiti kinavyofungwa siku ya ukaguzi na kufunguliwa siku ya pili. Twapendekeza neno la kilomita 80 liandikwe katika karatasi ya mapatano, na nusu ya nauli ilipwe tukifika. Tumeona kwamba dereva asiyeisikia sauti ya abiria huisikia nusu ya nauli. Tofauti ya saa kati ya 80 na 100, kwa safari ya kutoka hapa mpaka Eldoret, haifiki hata muda wa kunywa chai vikombe viwili, bali nguvu ya upepo kwa mwendo wa 100 imezidi ya 80 kwa zaidi ya nusu.

Mzee mmoja ameinua mkono tangu tulipotaja Volkswagen, na twadhani anataka kuitetea. Tunampa nafasi. Karatasi ya majina ya watakaosafiri iko kwa Katibu, na kila mmoja aandike pia mzigo alio nao na uzito wake, bila kudanganya.